Kuhusu Pete ya Lenzi Yangu na Picha ya Mama Mkwe

Tonny Makokha,
Mpiga Picha,
Kitale.

Kwa Bwana Festus,
Mwenyekiti, Kamati ya Shukrani ya Mama Phelista,
Sirisia, Bungoma.

Kwako Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu,

KUH: KUFUKUZWA KWA PETE YANGU KATIKA BOMA LA MAMA

Naanza kwa kukutakia afya njema, mvua ya kiasi na mahindi yasiyo na viwavi. Baada ya hapo naomba uketi, kwa kuwa nina malalamiko, na ni marefu.

Nasike, ambaye ni mke wangu na dada yako, amenieleza kwamba kamati yako ilikutana Jumapili baada ya ibada na kupitisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba siku ya sherehe ya shukrani, Mama akifikisha miaka sabini, picha zote, pamoja na ile kubwa ya kuangikwa sebuleni, zitapigwa na Kiplagat wa Saboti. La pili ni kwamba kile mlichokiita "hiyo kitu ya duara ya Tonny" kisionekane tena bomani. Hakuna aliyeniita nijitetee. Hata mwizi wa kuku huulizwa kwanza.

Najua utauliza kwa nini sikulalamika kwenye kundi la WhatsApp la familia kama watu wengine. Mwenyekiti, nilitoka kwenye kundi hilo siku ile ile Mama alipoongezwa. Mimi ni mkwe. Siwezi kuketi kundi moja na mama mkwe wangu, nikisoma salamu zake za asubuhi na kujua kwamba ameamka. Nilitoka kwa adabu, simu ikawatangazia wote kwamba Tonny ametoka, na Mzee Nakhungu, baba yenu mdogo, akaeneza habari kwamba nimewakasirikia. Sikuwa nimekasirika wakati ule. Sasa ndiyo nimekasirika, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba kamati imesahau mila.

Sisi Wabukusu tunajua kwamba mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hatupeani mkono, hatuli meza moja, na tukikutana njiani mmoja wetu huacha njia. Mimi ndiye ninayeacha njia. Mahindi yakiwa yamesimama kazi hiyo ni rahisi, mtu anaingia tu shambani. Baada ya mavuno ni mateso. Juzi sokoni Kimilili Mama alitokea upande wa kabichi bila taarifa yoyote, nami nikalazimika kuingia kwenye kibanda cha fundi wa nguo na kusimama humo nikipimwa suti ambayo sikuihitaji, mpaka alipomaliza kuchagua nyanya. Suti yenyewe ilitoka vizuri na naipenda, lakini hiyo si hoja.

Sasa mtu wa namna hii atampigaje picha mama mkwe wake? Wakwe wengine walileta blanketi. Mimi nilileta lenzi ndefu. Ni lenzi ya watu wanaopiga picha simba huku wakitaka kubaki hai, na uzito wake ni wa mtoto anayeanza kukaa. Nikiwa nyuma ya zizi la ng'ombe, naye akiwa barazani, naweza kuuona uso wake vizuri kuliko wewe unayempelekea chai. Mila inabaki salama na picha inapatikana. Sijui familia nyingine Sirisia iliyojaliwa mkwe anayetii mila kwa kutumia mashine.

2. Kwamba pete imesingiziwa bila kueleweka.

Wewe Shemeji ni mtu wa ofisi ya maji, kwa hivyo nitakueleza kwa lugha ya kazi yako. Bomba kubwa likikutana na bomba dogo, fundi hufunga redusa katikati, na maji yanapita. Pete yangu ndiyo hiyo redusa. Mdomo wa lenzi yangu ni mpana kama kikombe cha bati, kile kikubwa cha wageni. Filta yangu, yaani kile kioo cha duara kinachokazwa mbele ya lenzi ili kupunguza mng'aro wa jua, ni ndogo, kwa sababu niliinunulia kamera yangu ya kwanza ambayo ilikuwa na mdomo mdogo. Filta ya kutosha mdomo huu mkubwa sijaipata Kitale wala Bungoma. Duka moja nilieleza kwa mikono, nikachora duara hewani, wakaniletea kifuniko cha sufuria. Ndipo nikaweka pete katikati: upande mmoja umeshika lenzi kubwa, upande wa pili umeshika filta ndogo. Hakuna gundi wala uganga.

Nautaja uganga kwa sababu Nasike ameniambia kuna mjumbe aliyeuliza pete hiyo ilitoka kwa nani na ilifungwa kwa ajili ya nini. Ilitoka Nairobi kwa basi. Tena nakuuliza wewe, katika miaka yako yote ya kazi, kuna mwananchi aliyewahi kukuandikia kwamba maji yaliyopita kwenye redusa yamemfikia yakiwa na kona nyeusi?

3. Kwamba nimelaumiwa kwa ajili ya kona.

Ni kweli kwamba kwenye picha ya Pasaka kona zote nne zilitoka nyeusi. Ni kweli pia kwamba katika kona ya kushoto alikuwa amesimama Mzee Nakhungu, ambaye sasa anaonekana kiatu tu na ncha ya bakora. Nimeambiwa alisimama mbele ya kamati, picha mkononi, akasema, "Mimi nilikuwa hapo! Nilikula, nikapewa mpaka firigisi. Sasa mbona kwa picha mimi ni usiku?"

Swali lake ni zuri na lina jibu. Lenzi hii ikivutwa mpaka mwisho ili imtazame mtu mmoja aliye mbali, pete haionekani kabisa. Mama peke yake hutoka safi, kona hadi kona. Taabu huanza pale mtu anapopaza sauti, "Tonny! Tuingie wote, bana! Si hata hawa wa nyuma waonekane!" Wote wakitaka kuingia, lazima niirudishe lenzi itazame kwa upana, na ikitazama kwa upana inauona ukingo wa pete yenyewe, kama mtu anayechungulia nje akiwa ndani ya bomba. Dawa yake ni mimi kurudi nyuma. Lakini nyuma ya zizi kuna shimo la samadi, na ninalijua shimo hilo kwa undani, kwa sababu Krismasi mlinihimiza nirudi nyuma nami nikarudi.

Kwa hivyo mwenye makosa ni nani? Si lenzi, kwa kuwa ikimtazama Mama inafanya kazi. Si pete, kwa kuwa haisogei. Kilichobaki ni upana wa ukoo. Ukoo wenu ni mpana mno, Shemeji, na nasema hivyo kwa upendo, kwa sababu hata wanangu wamo. Napendekeza siku ya sherehe msimame kwa umbo la yai, Mama katikati, wazee wakimzunguka, vijana wakiwazunguka wazee, na kona ziachwe wazi. Ikiwa ni lazima kona zikaliwe na watu, basi ziwe za zamu, na zamu ya kwanza wapewe wale ambao hawajawahi kuosha sufuria hata moja katika sherehe zetu. Majina nitayatoa nikiombwa. Nisipoombwa nitayatoa pia.

4. Kwamba mmemchagua Kiplagat.

Kiplagat ni rafiki yangu. Kibanda chake kimepakana na changu hapa Kitale, tunachaji betri kwenye soketi moja, na kwa picha za pasipoti sijaona wa kumshinda. Lakini lenzi yake ni fupi. Mwenye lenzi fupi ni lazima amsogelee mtu, na lenzi fupi ikisogelea uso huanza na pua. Nimeziona picha alizopiga kwenye mchango wa kanisa moja Saboti. Kuna mwinjilisti humo, mtu wa sura ya kawaida kabisa, ambaye pua yake ilifika kwenye picha kabla yake. Tena akiwa kazini Kiplagat haachi kusema, "Niaje mathe, cheka kidogo. Iko sawa. Cheka tena." Mama Phelista amefundisha nusu ya Sirisia kusoma na kuandika. Leo aitwe mathe, mbele ya askofu?

Lililo zito zaidi ni kwamba Kiplagat hakatazwi kumkaribia Mama. Mtu asiyekatazwa hana heshima ya kulinda, na asiye na heshima ya kulinda ataipigaje picha heshima? Nimelitafakari jambo hili na nimeona njia moja tu. Kama kamati inamtaka Kiplagat kwa lazima, basi kwanza awe mkwe. Mdogo wako Nangila hajaolewa. Nimemgusia Kiplagat na hakukataa, aliuliza tu kama ndiye yule mrefu. Akishamwoa, naye atasimama nyuma ya zizi kama mimi. Atahitaji lenzi ndefu. Atakosa filta ya kuitosha. Atakuja kwangu kuazima pete. Mtakuwa mmerudi pale pale mlipo leo, ila mkiwa mmeshalisha wageni wa posa, waliotoka Saboti wakiwa na njaa. Afadhali mniache tu mimi.

5. Kwamba kamati haina shukrani kwa filta.

Mabati ya nyumba ya Mama ni mapya, na jua la saa sita likiyapiga hata kuku huenda chini ya ghala. Paji la uso la Mama pia, na nasema kwa heshima zote, hulipokea jua vizuri. Sasa filta hii ina ukingo unaozunguka. Ukiuzungusha taratibu, mng'aro unapungua, majani ya migomba yanakolea rangi, na uso unatulia. Ninauzungusha kwa vidole viwili, polepole, jicho likiwa kwenye kamera, mpaka nauona uso wa Mama umetulia kabisa. Hapo ndipo ninapofyatua.

Ile picha ya Krismasi ambayo Mchungaji aliitazama, akauliza Mama anajipaka mafuta gani, ni filta. Ile uliyoiweka wewe mwenyewe kwenye simu yako, ukawaonyesha watu wa ofisini, ni filta. Utulivu ule wote mnaousifu kwenye picha za Mama ni kazi ya filta yangu, na filta haiwezi kukaa kwenye lenzi bila pete. Ina maana kwamba anayeifukuza pete anaufukuza uso wa Mama kwenye sherehe yake mwenyewe. Sidhani kamati ilikusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyopitisha.

6. Hili la mwisho sikuweza kulipatia kichwa.

Tangu nimwoe Nasike sijawahi kuzungumza na Mama. Salamu zangu hupitia kwa Nasike, na Nasike ni mtu wa kufupisha. Lakini kila sherehe, wageni wakishakula, Mama hutoka nje, akapanga kitenge chake begani, akageuka upande wa zizi na kusimama. Anajua niko pale. Mimi nazungusha filta, yeye amesimama, nafyatua, naye anarudi ndani. Hayo ndiyo mazungumzo yetu, hatuna mengine. Siku ya sherehe mkimpa Kiplagat kazi hiyo, mtakuwa mmetunyamazisha sisi wawili. Nitaumia sana, Shemeji, hata kama mtaniona nakula wali wenu nikicheka na watu.

Kwa sababu hizo zote naiomba kamati inirudishie kazi yangu, na pete iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kuwa ni mgeni mwalikwa. Naomba pia zizi lisogezwe nyuma ili nipate mahali pa kurudi. Ng'ombe wakikataa, basi nyumba ya Mama isogezwe mbele. Hilo nalo likionekana ni kubwa, sherehe ifanyiwe ng'ambo ya mto: Mama abaki barazani kwake, na ukoo mzima, pamoja na askofu, kwaya na hema, umtazame kutoka huko. Kila mtu atakuwa mkwe kwa siku moja na ataona ilivyo kazi. Ile picha kubwa nayo iwekwe kwenye fremu ya duara, ambayo haina kona ya kumlaumu mtu. Mkihofia kwamba fremu ya duara haitapendeza kwenye sebule ya mraba, nina mawazo kuhusu sebule pia, lakini nayahifadhi kwa barua nyingine.

Nisalimie Mzee Nakhungu na umwambie kiatu chake kimetoka vizuri sana. Salimia kwaya, salimia wapishi, salimia Nangila kwa namna ambayo haitamshtua, na ng'ombe wote wa zizini ambao tumekaa pamoja kwa uvumilivu. Salamu za Mama nazileta kwako ili umpe Nasike, naye atampa Mama, zisije zikafika moja kwa moja.

Mimi wako, kwa heshima na kwa umbali unaofaa,

Tonny Makokha,
Mkwe.

Nakala: Mzee Nakhungu (kona ya kushoto).

Tanbihi: Nikiwa nimeshatia sahihi, niliona ni vyema niambatanishe filta yenyewe, ili kamati iikague kwa macho yake. Nimeifungua kutoka kwenye pete, nikaipulizia pumzi, nikaipangusa kwa pindo la shati, na kidole changu kikatokea upande wa pili. Nikajaribu na kidole gumba. Nacho kikapita. Haina kioo, Shemeji. Kilichobaki ni ukingo tu, na sijui kioo kilidondoka lini wala katika boma la nani. Kiplagat ameichukua, akaipima mkononi mwake, akasema, "Bana, hii ni bangili."

Maana yake ni kwamba pete imekuwa ikishika hewa, na kona za watu zimeliwa bure. Mwombe radhi Mzee Nakhungu kwa niaba yangu. Naiondoa hoja ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, na nyumba ya Mama ibaki ilipo. Kiplagat aje apige picha ya ukoo mzima, lenzi yake fupi itawatosha. Mimi naomba tu nafasi yangu nyuma ya zizi, kwa picha moja, na pete nitaiacha Kitale.

Nimeketi hapa kibandani nikizitazama upya picha zile zote. Mng'aro upo. Umejaa kwenye mabati, umejaa kwenye majani, sijui nilikuwa naangalia nini. Ni uso wa Mama peke yake uliotulia. Sikuwa nikipunguza chochote kwa vile vidole vyangu viwili. Alikuwa akiniona nazungusha, na alikuwa akitulia mwenyewe, akinisubiri nimalize.